Jino la Juu

Nilizaliwa Dodoma, nyuma ya duka, wakati reli ilikuwa bado ngeni mjini na Mjerumani anajiona atakaa milele. Baba yangu alikuwa Rajabali, Mhindi wa Kachi, mwuza nguo, chumvi na shanga. Mama yangu alikuwa Mwantum, Mrangi wa Haubi, kule milima ya Kondoa. Wote wawili Waislamu, wote wawili wakaidi. Na katikati yao aliketi shangazi yangu, dada yake Baba, mjane aliyeshuka kwenye treni na masanduku yake ya bati akasema amekuja kutusalimu. Hakuondoka tena. Kwa lugha yao dada wa baba huitwa Fui, nasi nyumbani tulimwita hivyo hivyo, hata Mama, hata wateja.

Fui hakujaliwa mtoto. Basi nilipozaliwa mimi, alinigeuza sikukuu. Siku ya kunyolewa nywele alichinjwa mbuzi wa akika, na Fui akamsimamia mchinjaji tangu mwanzo mpaka mwisho asije akavunja mfupa hata mmoja. Kila kiungo kitenganishwe kwa kisu, taratibu, ili mifupa ya mtoto nayo ibaki mizima. Mchinjaji yule alikuwa amechinja mbuzi maisha yake yote, lakini alitoka uani kwetu jasho linamtiririka. Nilipotobolewa masikio, ikapikwa biriani. Nilipoonja wali kwa mara ya kwanza, ikapikwa tena. Nilipojigeuza kifudifudi bila kusaidiwa, Fui alipika tambi za sukari akazigawa mpaka stesheni. Baba alilalamika kwamba siku nitakayofika kuolewa duka zima litakuwa limekwisha kuliwa, lakini alilalamika huku anatafuna.

Kilichokuwa kinafuata ni jino. Fui alikuwa na kikombe kidogo cha fedha, kilekile alichogongewa Baba jino lake la kwanza huko Kachi. Desturi yao ni hiyo: jino likichungulia, shangazi huligonga kwa ukingo wa kikombe, likilia ting, wanawake hupiga vigelegele na watu wote hula ufuta uliokaangwa kwa sukari guru. Ufuta ulishanunuliwa. Kila asubuhi Fui alinawa, akapitisha kidole kwenye ufizi wangu wa chini, akasema, "Bado," kwa huzuni ya mtu aliyekosa treni.

Kidole cha Fui kilitafuta chini. Jino lilikuwa juu, na aliyeliona kwanza ni Mama.

Alikuwa ananinyonyesha, nikamng'ata. Akaniinua mdomo kwa kidole gumba kuangalia, akaona ncha nyeupe mahali ambapo haikutakiwa kuwapo.

Kwa wasiojua, nieleze. Kwao Mama, na kwa watu wengi wa bara, mtoto anayeanza kuota meno ya juu ni kigego. Kigego akiachwa akue, huwamaliza watu wa ukoo wake mmoja mmoja. Kwa hiyo zamani hakuachwa. Mama alipokuwa msichana, jirani yao wa Haubi alipata mtoto wa namna hiyo. Wakaja bibi wawili asubuhi, wakamsalimu yule mzazi vizuri tu, wakamchukua mtoto wakaingia naye msituni. Walirudi wamejitwika kuni. Hakuna aliyewauliza neno. Dini ilikuwa imekwisha kufika Haubi siku hizo, na shehe alikataza jambo hilo waziwazi, na watu walimwitikia shehe kwa heshima zote. Kisha wakaenda kuangalia vinywa vya watoto wao.

Basi Mama akaanza kunificha mdomo. Alinifunga kitambaa kidevuni, akakivuta juu, akasema nina mafua. Akanibeba mgongoni mchana kutwa. Kila nyumba duniani hushindana kumchekesha mtoto. Kwetu, mtu akinichekesha, Mama alinigeuza uso ukutani. Nimelifikiria sana jambo hilo katika utu uzima wangu, na kila nikilifikiria linaniuma, si kwa ajili yangu, kwa ajili yake. Alinipaka asali kwenye ufizi wa chini, akaniombea, akaniimbia, akayabembeleza meno ya chini yatoke upesi yafunike aibu ya lile la juu. Hayakutoka.

Siku moja kitambaa kilidondoka mbele ya Anyesi, mwanamke wa Kigogo aliyekuwa akituletea maji. Anyesi alikuwa Mkristo wa misheni, amebatizwa na jina amepewa. Alitazama, akautua mtungi wake polepole, akatoka. Kesho yake alituma mtu kusema anaumwa. Mama aliujua ugonjwa wake.

Lakini mtu ambaye Mama alimwogopa hasa ni Fui, kwa sababu Fui hakuwa mtu wa kukata tamaa na kinywa cha mtoto. Ikawa asubuhi moja Mama yuko dukani anampimia mtu chumvi, Fui akaamua kuniogesha mwenyewe. Mama akasikia ukelele kutoka uani.

"Wifi! Njoo uone! Liko juu!"

Mama alikimbia akaanguka magotini kwenye maji ya sabuni, akamshika Fui miguu.

"Nakuomba kwa Mungu, Fui, usimwambie mtu. Msimchukue."

"Amchukue nani? Ampeleke wapi?"

Mama akamweleza yote, ya kigego na ya wale bibi wawili na kuni zao, kwa kilio kiasi kwamba hata maneno hayakusikika vizuri. Fui alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini palepale kwenye maji na kucheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo asioujua.

"Mwantum, mwanangu, haya umeyabeba peke yako siku zote hizi? Kwetu nako jino la juu lina uzito. Lakini si kwa mtoto! Mtoto hana neno kabisa. Uzito wake unamwangukia mjomba, kaka yake mama. Na dawa yake ni nyepesi. Mjomba anakuja na bakuli la shaba na kitambaa cheupe, analigusa jino kwa ukingo wa bakuli, anamwachia mtoto bakuli lake, anaondoka bila kunywa maji ya nyumba hii na bila kugeuka nyuma. Basi. Tunakula ufuta."

Mama alilia tena, safari hii kwa furaha. Mtoto wake hakuwa kigego. Alikuwa mtoto mwenye jino, tena jino lenye dawa. Kwa mara ya kwanza aliniacha nicheke uso wazi, na Fui akacheka nami, na Baba akatoka dukani kuuliza kama wamepatwa na wazimu. Furaha hiyo ilidumu mpaka wakati wa chakula, Mama alipokumbuka kwamba mjomba ni Msafiri.

Msafiri alikuwa ndugu yake pekee, mdogo wake, mvuna asali. Na ule ulikuwa mwaka wa vita vya Mjerumani na Mwingereza. Treni zilileta shehena Dodoma, na kutoka Dodoma shehena ilikwenda Kondoa na kaskazini huko juu ya vichwa vya watu. Askari walipita vijijini wakikamata wanaume na kuwafunga kamba shingoni kama mbuzi wa mnada. Wengi walikwenda, wachache walirudi, na waliorudi hawakuwa na hamu ya kusimulia. Msafiri alikuwa amewatangulia. Alihamia msituni juu kabisa ya mlima, kwenye mizinga yake, akawa anashuka tu kutafuta chumvi. Huko hakuna askari aliyemgusa.

"Tungoje vita viishe," alisema Baba.

"Jino litangoja?" aliuliza Fui. "Dawa hii ni kabla ya meno ya chini. Yakitoka hajaligusa, basi tena, litamfuata hukohuko mlimani alikojificha. Wewe unadhani linaogopa msitu?"

"Lakini, dada, njiani kuna askari."

"Wewe si ndiye unayewauzia nguo?"

Hapo Fui alimpata Baba mahali anapowashwa. Baba aliwauzia boma kanga na amerikani, na alipenda sana watu wajue. Kesho yake alivaa koti, akaenda kwa karani wa boma, akamweleza kwamba shemeji yake anakuja kwa shughuli ya mtoto. Karani akamwambia, "Bwana Rajabali, mtu wako ni mtu wetu." Baba alirudi kifua mbele, akayarudia maneno hayo kwa kila aliyeingia dukani. Mungu amsamehe. Alikuwa mtu mwema, ila aliamini kwamba mtu anayekuuliza habari za nyumbani ni rafiki yako.

Uamuzi ulibaki kwa Mama. Asipomwita Msafiri, jino litamla. Akimwita, yuko njiani, na njiani kuna kamba. Lakini karani ameahidi, na Fui ana hakika, na kulikuwa na jambo la tatu ambalo Mama hakulisema kwa sauti: mjomba akiligusa jino, basi hata wazee wa Haubi wakija kusikia, ataweza kuwaambia kwamba limekwisha kutibiwa. Nitakuwa salama mimi, na Msafiri atakuwa salama.

"Mwiteni," alisema.

Aliyetumwa ni Khamisi, mtu wa punda, aliyepeleka chumvi Kondoa kwa kazi ya boma na kwa hiyo hakusumbuliwa. Fui, ambaye hakuacha jambo lolote mikononi mwa mwingine, alimpa na bakuli la shaba na kitambaa cheupe, ili Msafiri aje navyo kama vyake. Jibu likarudi: "Mwambie dada nakuja. Na mwambie huyo mpwa wangu ananisumbua kabla hata hatujaonana."

Siku ikapangwa, na Khamisi akarudi tena Kondoa ili aje naye. Ilikuwa masika ya mapema, uwele umefika kiunoni, njia zote matope. Fui alikaanga ufuta tangu alfajiri. Wake wa wenye maduka walialikwa, na wanawake wa mtaani, na mke wa mpiga simu wa stesheni. Nilivalishwa gauni jekundu na kofia yenye nyuzi za dhahabu. Kitambaa cha kidevuni kilitupwa.

Tulichokuwa hatukijui ni kwamba jana yake treni ilileta shehena kubwa, na wapagazi waliokuwa wamewekwa tayari walitoroka. Shaushi, yule mkubwa wa askari, akatoa watu wake wasimame katika kila njia inayoingia mjini, wakamate mwanaume yeyote mwenye shingo.

Msafiri alikuwa amepita porini siku zote, mbali na barabara. Haneti aliipitia nyuma, Makutupora akaipita bila kuonekana na mtu. Angeweza kuingia mjini vivyo hivyo. Lakini alipoikaribia Dodoma akamwambia Khamisi kwamba haifai mjomba kuja kumwona mpwa wake kwa mara ya kwanza akiwa na nguo za kuvunia asali. Akaoga mtoni. Akavaa kanzu nyeupe aliyoazima kwa ajili ya siku hiyo, akalishika bakuli lake lililofunikwa kitambaa cheupe, akatoka barabarani kama mgeni wa heshima. Walimwona kutoka mbali sana.

Khamisi ndiye aliyekuja mbio kutuambia. Wageni walikuwa wameshaketi.

Mama alinibeba akatoka kama alivyo, bila viatu. Fui nyuma yake, Baba nyuma ya Fui na jora zima la amerikani begani, na nyuma ya Baba wale wageni, kwa sababu mtu aliyealikwa kuona jambo hataki kurudi nyumbani bila kuona.

Uani mwa boma wanaume walikuwa wamekalishwa kwenye matope, kamba moja imepita shingo hadi shingo. Msafiri alikuwa kati ya mzee mmoja Mrangi wa Kolo na kijana wa Kigogo. Kanzu ilikuwa nyeupe mpaka kiunoni tu. Shaushi alikuwa amekaa kwenye sanduku, anakunywa maji kwa bakuli la shaba.

"Shikamoo, dada," alisema Msafiri. "Shikamoo, Fui. Shikamoo, shemeji. Mtanisamehe, sikuweza kufika mpaka mlangoni."

Baba alikwenda kwa karani. Karani alisema anasikitika sana, ila kamba ile ni ya shaushi. Baba akaenda kwa shaushi. Shaushi akasema kamba ni ya bwana shauri, Mjerumani mkubwa wa boma. Bwana shauri alikuwa wapi? Amekwenda Mpwapwa. Atarudi lini? Akirudi. Baba akashusha lile jora la amerikani akamkabidhi. Shaushi alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu nyingi, akaliweka juu ya sanduku, akalikalia. Na kamba ikabaki ilivyokuwa. Baba alisimama pale koti limemlowa mvua.

Msafiri yeye alinitazama mimi.

"Ndiye huyu? Hebu nione basi hilo jino lililonitoa mlimani."

"Aguse!" Fui alimwambia Mama. "Bakuli limekwenda, basi aguse hata kwa kidole! Upesi, kabla hawajawainua!"

Mama alinisogeza kwake. Msafiri alileta kidole, nami nikafumba mdomo. Walinibembeleza, nikafumba. Walinichekesha, nikawatazama tu. Siku zote zile nilikatazwa kuonyesha mdomo wangu, sasa pengine nilikuwa nimekwisha kujifunza. Fui akaishiwa na subira, akanifinya paja.

Nililia kwa kinywa kizima, na kila mtu aliyekuwa kwenye kamba ile akaona ndani.

"Kigego," alisema mzee wa Kolo.

Hakusema kwa nguvu. Lakini alijivuta upande wake, na kijana wa Kigogo akajivuta upande wake, na kamba ikamkaza Msafiri shingo hata macho yakamtoka. Neno likapita kwenye kamba mpaka mwisho. Watu wakaanza kupiga kelele. "Shaushi, mtoe huyu! Mjomba wa kigego huyu! Hatutembei naye, kifo chake kitapita kwenye kamba, tutakufa njiani sote!" Askari walikuja na viboko, wakapiga, na wale watu walipigwa na hawakuinuka. Shaushi akaacha kunywa maji. Akaja mwenyewe, akauliza, "Ni kweli?"

Mama alisema maisha yake yote kwamba aliuona mkono wa shaushi ukienda kwenye fundo.

Hapo ndipo alipofanya alilofanya. Alininyanyua juu ya kichwa chake, mbele ya askari na wapagazi na wageni wake na wanawake wa kisimani waliokuwa wamejazana mlangoni, Anyesi miongoni mwao. Akanifunua mdomo kwa kidole gumba.

"Kweli!" alipiga kelele. "Mimi ndiye mama yake, nimemzaa mimi, nawaambieni ni kigego! Na huyu ndiye mjomba wake, wa kwanza kufa ni yeye! Mkienda naye hamfiki! Mwacheni! Mfungueni mumwache!"

Fui alijiziba mdomo kwa ushungi. Yule mwanamke aliyenificha na kuniombea, aliyeogopa hata kicheko changu kisionekane, alinitangaza mji mzima kwa sauti yake mwenyewe. Simlaumu. Nataka lieleweke hilo. Alikuwa na mikono miwili, na ndani ya kila mkono mtu wake, akaona mmoja anaweza kuokoka sasa hivi, akashika.

Msafiri akainuka. Kamba ilimruhusu kusimama nusu tu, amejikunja. Akacheka.

"Wazee wangu, msimsikilize," alisema kwa Kirangi, kisha akarudia kwa Kiswahili ili shaushi naye asikie. "Huyu ni dada yangu, anataka nifunguliwe, anasema chochote. Mtoto hana kitu. Ya chini alikwisha kuota, nimeyaona mimi kwa macho yangu waliponiletea Haubi. Yameng'oka alipoanguka. Hili la juu ni la baadaye."

Hakuwahi kuniona kabla ya siku ile. Hata uwongo wenyewe haukuwa mzuri, maana meno ya mtoto mchanga hayang'oki hovyo. Lakini aliusema kwa furaha kiasi kwamba watu walitaka kuuamini.

"Msafiri, nyamaza!" alilia Mama. "Nyamaza, mdogo wangu, nakuomba!"

"Ni jino tu, dada," alisema. "Usirudie tena maneno hayo. Mtoto anasikia."

Shaushi naye akacheka, amefurahi kupata mtu anayekataa kufunguliwa. Akaondoa mkono wake. Wale wapagazi hawakuwa wameamini sawasawa, na mzee wa Kolo alikataa katakata kurudi karibu naye, basi shaushi alimtenga Msafiri akamfunga peke yake mwisho wa msafara. Akamtwisha sanduku la risasi ambalo lilikuwa la watu wawili, kwa sababu hakupatikana wa pili wa kubeba naye. Aliposhika sanduku kwa mikono yote miwili, hakubaki na kidole cha kunigusa.

Waliondoka kwa njia ya Makutupora, njia ileile aliyojia. Mama alitembea pembeni yake mpaka askari alipomsukuma akaanguka nami. Alipoinuka, wa mwisho kwenye msafara alikuwa ameshapita vichaka. Kanzu haikuonekana tena, maana haikuwa nyeupe tena.

Nyumbani ufuta ulikaa kwenye sinia mpaka ukaingia chungu. Hakuna aliyekuja kula. Fui alikaa kitandani kwake ameelekea ukutani, na nilipotambaa kumfuata, aliniita "mwanangu" kama zamani, lakini hakuninyanyua. Alikuwa amekuja na dawa yake kwa roho safi kabisa. Dawa haikufanyika, mjomba amechukuliwa, ikawa kama vile maneno yote ya kwao yamethibitishwa mbele yake. Alianza kuniogopa, yule shangazi aliyekuwa akicheka nami na kunipikia kwa kila kitu.

Wiki hiyohiyo meno ya chini yakatoka. Mawili, kwa pamoja, mazuri. Mama aliyaona wakati ananilisha uji. Hakumwita mtu. Aliniweka chini akaenda kuchota maji, kwa sababu Anyesi hakurudi tena, na hakuna mwanamke mwingine aliyekubali kuingia uani kwetu.

Katikati ya mwaka Mwingereza alikuja kutoka Kondoa, na Mjerumani aliyetaka kukaa milele akaondoka. Wapagazi wachache walirudi. Mmoja alisema Msafiri alishikwa na homa. Mwingine alisema alidondoka na sanduku wakati wa kuvuka mto, nao hawakusimama. Mzee wa Kolo alirudi salama salimini. Mama alikwenda kwa miguu mpaka kwake kumwuliza, akajibiwa kwamba hajui lolote, kwa sababu hakugeuka nyuma njia nzima.

Na hapa ndipo ninapokasirika hata leo. Haubi nzima, Dodoma nzima, sikupata kumsikia mtu akisema Msafiri alikufa kwa sanduku la watu wawili. Hakuna aliyesema boma, wala kamba, wala vita vya watu wasiojua hata jina lake. Walisema meno. Bibi yangu mzaa mama alikataa kuniona mpaka anakufa. Nilianza kutembea mwaka ule ule, nikaanguka, nikainuka nikatembea tena, na hakuna aliyepika kitu. Nilipohitimu Kurani, Baba alininunulia kanga, akanipa dukani, akaendelea kupima chumvi.

Mimi siamini kwamba shaushi angemfungua. Nimeishi miaka mingi na nimewaona wakubwa wengi, na sijaona anayeiachia kamba kwa sababu waliofungwa wanaogopa. Angewapiga mpaka wainuke. Mama aliamini vingine. Aliamini kwamba fundo lilikuwa linafunguka, na kwamba ndugu yake alilifunga tena kwa mdomo wake ili mimi nisiitwe jina lile, ambalo niliitwa hata hivyo.

Siku moja nilimwuliza. Nilikuwa nimeshaolewa, nimekuja kujifungulia kwake nikakaa miezi, na mwanangu alikuwa anaanza kuwashwa ufizi. Nikamwambia, "Mama, niambie wewe mwenyewe. Mjomba alichukuliwa na nini?"

"Askari," alisema Mama. "Ni askari, mwanangu, nani mwingine?"

Alisema bila kusita. Lakini alipokuwa anasema hakunitazama machoni, alikuwa ananitazama mdomoni.